Kusanifu na kuuza mabaka ya nguo za uwindaji: jicho la kulungu na jicho la mnunuzi

Shati la mwindaji hutazamwa na macho mawili. Jicho moja ni la mnyama, mita ishirini au arobaini mbele, alfajiri au magharibi, na mwanga hafifu. Jingine ni la mwindaji mwenyewe, amesimama dukani chini ya taa kali, shati liko hatua moja tu kutoka usoni pake. La kwanza ndilo linaloamua kama mchoro wako unafanya kazi, na la pili ndilo linaloamua kama utakula kwa kazi hiyo. Vijana wanaonitumia michoro kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa karibu wote wameridhisha jicho la pili peke yake. Majani wanayochora yana mishipa, umande na hata wadudu. Nikiichapa kazi hiyo na kuining'iniza kwenye mti, kisha nikarudi nyuma mita thelathini, naona shati moja la rangi ya tope.

Mimi nilianzia kwenye vitenge, kiwandani Dar es Salaam, kabla ya kuhamia North Carolina, Marekani. Huku nachora mabaka kwa ajili ya wawindaji wa upinde na wa bata mzinga. Hapa naandika ninavyofanya kazi yenyewe, kuanzia msituni hadi kwenye mkataba.

Kwanza ujue soko liko wapi. Tanzania, raia kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi ni kosa, na Agosti 2023 JWTZ ilitangaza siku saba za kuzisalimisha. Uganda nako sheria ni kali. Kenya uwindaji wa burudani umepigwa marufuku tangu 1977. Hata watalii wanaokuja kuwinda Tanzania huambiwa walete nguo za kijani au kaki zisizo na mabaka. Kwa hiyo unaweza kukaa Kinondoni ukachora, lakini nguo itavaliwa Georgia au Wisconsin. Na nakusihi sana, shati la sampuli lisiende kwa binamu yako Mbagala kama zawadi. Polisi hatauliza kama mabaka yale ni ya jeshi au ya mwaloni.

Msitu mmoja, mnyama mmoja, msimu mmoja

Mwaka 1986 watu wawili wa kusini mwa Marekani walianzisha biashara ambazo hadi leo zinatawala soko hili: Bill Jordan wa Columbus, Georgia, na Realtree yake, na Toxey Haas wa West Point, Mississippi, na Mossy Oak. Kabla yao Jim Crumley wa Virginia alikuwa ameshatoa Trebark, mchoro wa magome yenye mistari ya wima. Kabla ya hapo wawindaji wengi walivaa nguo za jeshi zilizobaki vitani, zilizochorwa kwa ajili ya misitu mingine na maadui wengine. Hawa watu hawakuanza na mchoro wa kufaa kila mahali. Haas alianza na udongo, majani na vijiti alivyovizoa kwenye msitu aliouwinda mwenyewe.

Fanya hivyo hivyo. Mimi nilichagua Uwharrie, katikati ya North Carolina, vilima vya mialoni na misonobari juu ya udongo mwekundu. Msitu huo mmoja unadai michoro mitatu. Septemba, msimu wa upinde unapoanza, kila kitu ni kijani kizito. Novemba majani yameanguka, umebaki na kijivu cha magome na kahawia ya ardhini. Aprili, wakati wa bata mzinga, machipukizi ya kijani kichanga yanatokea chini huku juu bado ni matawi matupu. Ukijaribu kuviweka vyote kwenye shati moja utapata rangi ya wastani isiyofanana na mwezi wowote wa mwaka.

Kama hujawahi kukanyaga msitu huo, si mwisho wa dunia, lakini tafuta mtu anayeukanyaga. Mwindaji mwenye simu nzuri anaweza kukupigia picha zote unazohitaji, mradi umpe maelekezo sahihi, nami nayataja chini.

Wanaona nini?

Hapa ndipo ninapotaka ukae kwa muda mrefu kuliko mahali pengine, kwa sababu rangi zote, ukubwa wote na majaribio yote yanatoka hapa.

Kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe ana aina mbili tu za seli za kupokea rangi, moja ya mwanga wa bluu na nyingine ya kijani-manjano. Sisi tunazo tatu. Vipimo vilivyofanyika Chuo Kikuu cha Georgia mwaka 1992 vilithibitisha jambo hilo. Maana yake ni kwamba nyekundu na chungwa kwake zinaangukia kwenye kundi moja na kijani na kahawia. Bluu, kinyume chake, anaiona vizuri sana. Tena jicho lake halina kichujio cha kuzuia miale ya urujuanimno kama letu, kwa hiyo kitambaa kinachoakisi miale hiyo kinamwakia wakati sisi hatuoni kitu. Kwa upande wa maumbo, haoni kwa ukali kama sisi. Mshipa wa jani uliouchora kwa saa nzima haupo kabisa kwake. Anachokiona ni mabonge ya mwanga na kivuli, na kitu chochote kinachosogea.

Bata mzinga ni habari nyingine. Huyu ni ndege wa mchana, ana aina nne za seli za rangi, na macho yake ni makali. Kijani kikikosewa anakijua. Kwa mchoro wake rangi lazima zitoke kwenye msitu halisi, kwa kipimo. Tena lipo suala la usalama ambalo mchoraji asiyelijua anaweza kuuza hatari: kichwa cha bata dume wakati wa kutongoza kina nyekundu, nyeupe na bluu. Wawindaji hufundishwa kutovaa rangi hizo hata kwenye soksi, kwa sababu mwindaji mwenzako akiona kidoa chekundu nyuma ya kichaka anaweza kufyatua. Usiweke ua jekundu au uyoga mweupe kwenye mabaka ya bata mzinga, hata kama vipo msituni na vinapendeza.

Kisha uliza mnyama anatazama kutoka wapi. Mwindaji wa kulungu kwa upinde mara nyingi hukaa kwenye dungu lililofungwa mtini, mita tano au sita juu. Kulungu akiinua kichwa anamwona mtu huyo dhidi ya anga na matawi. Mchoro wa dungu unahitaji nafasi kubwa za rangi nyepesi, kijivu kinachokaribia weupe wa mawingu, na matawi meusi yanayokatiza. Mwindaji wa bata mzinga amekaa chini, mgongo kwenye shina, na mandhari yake ni giza na kivuli. Shati la dungu likivaliwa ardhini linang'aa, na shati la ardhini likipandishwa mtini ni doa jeusi angani.

Picha kabla ya penseli

Piga picha ukiwa na jicho la mnyama. Kwa kulungu shusha kamera hadi usawa wa kiuno, kwa bata mzinga ishushe hadi goti, na uielekeze mahali mwindaji anapokaa. Chukua kutoka mita kumi, ishirini na arobaini. Rudia pale pale siku ya mawingu na siku ya jua, alfajiri na saa nne asubuhi. Weka kadi ya kijivu ya wapiga picha kwenye fremu ya kwanza ya kila mfululizo ili rangi zako ziwe na rejea. Baada ya hapo piga picha za karibu: gome, majani makavu, kuvu, mizizi. Picha za karibu ni za jicho la mnunuzi, za mbali ni za jicho la mnyama.

Zoa pia vitu halisi. Nina sanduku la magome na majani ya Uwharrie, limepangwa kwa miezi. Kuna mti mmoja huku wenye gome laini la kijivu ambao majani yake makavu hayaanguki, hubaki matawini kipupwe kizima, rangi ya ngozi ya karatasi kuukuu. Majani hayo yalinipa rangi nyepesi bora kuliko zote nilizowahi kutumia katika mchoro wa Novemba, na nisingeyapata kwenye picha ya simu.

Mabonge kwanza, majani baadaye

Anza na rangi tatu za kijivu: nyeusi kidogo, ya kati, nyepesi. Usiguse rangi nyingine. Chora mabonge makubwa yenye upana wa sentimita 15 hadi 25, kingo zake zisizofanana, na uhakikishe la giza linagusana na la mwanga bila la kati katikati yao, walau mara kadhaa. Mgusano huo ndio unaokata mstari wa bega na mkono. Mkono wa mtu una upana mdogo kuliko bonge lako, kwa hiyo sehemu ya mkono itazama kwenye giza na sehemu itapotea kwenye mwanga, na jicho halitapata umbo la mkono.

Mchoro wenye vipande vidogo tu, hata uwe na rangi kumi, ukitazamwa kwa mbali unaungana na kuwa rangi moja. Hili ndilo kosa kuu la sokoni, na limo hata kwenye nguo za bei kubwa. Ipo dawa rahisi: fungua mchoro kwenye programu, uufifishe hadi majani yote yapotee. Kama bado unaona giza na mwanga vikigombana, endelea. Kama umepata uji, rudi kwenye mabonge.

Yakikamilika, weka tabaka la pili la matawi na magome ya sentimita tano hadi kumi, kisha la tatu la majani na kuvu. Tabaka hili la tatu ndilo mnunuzi atakalolipenda, basi lichore kwa moyo wote. Jani lichorwe na kivuli chake, tawi liwe na upande wa mwanga na upande wa giza, na mwanga wote utoke upande mmoja au usitoke upande wowote. Mimi huchora majani kwa mkono kwa wino, nayapiga picha, halafu nayapanga kwenye kompyuta. Wengine hutumia picha halisi. Njia zote mbili ni halali, ilmradi picha ni zako.

Ripiti

Hapa waliopitia viwanda vya vitenge wana faida. Mashine ya kuchapa kwa skrini ya mviringo ina rola ambayo mzingo wake wa kawaida ni sentimita 64. Kipande chako kinachojirudia, yaani ripiti, kiwe na urefu wa sentimita 64 au mgawanyo wake kamili. Kwa mabaka chukua 64 nzima, kwa sababu 32 inajirudia mno. Kwa upana, panga kipande kinachofuata kishuke nusu, ili mabonge yasijipange kwenye safu kama askari. Kwa mashine za dijitali hakuna rola, lakini chora kwa 64 hata hivyo, maana mnunuzi wako akiagiza mita nyingi atahamia kwenye rola.

Faili liwe la ukubwa halisi. Sentimita 64 kwa nukta 300 kwa inchi ni takriban pikseli 7,560. Hifadhi matabaka yote yakiwa yametengana, na rangi ziwe na majina. Kwa skrini, kila rangi ni skrini moja na kila skrini ni gharama, basi andaa toleo la rangi sita hadi nane hata kama asili ina nyingi zaidi.

Panga vipande tisa, vitatu kwa vitatu, na ukae mbali na kioo. Jicho litakimbilia lile linalojirudia: tawi moja jeupe mno, fundo la gome linalofanana na jicho, njia ya giza inayokatiza kama mto. Viondoe. Halafu kata dirisha la sentimita 30 kwa 30 kwenye kadibodi na ulitembeze juu ya chapa ya ukubwa halisi. Popote linapotua lazima uone giza na mwanga vyote viwili, kwa sababu mshonaji hatakuuliza mkono wa shati ukatwe wapi.

Na mfikirie huyo mshonaji. Matawi yote yakisimama wima, kila kipande cha nguo kitalazimika kukatwa kwa mwelekeo mmoja na kitambaa kingi kitabaki vumbini. Nikiweka matawi yanayoelekea pande zote, vipande vinageuzwa juu chini bila mtu kugundua. Mwenye kiwanda huiona faida hiyo mara moja, wakati mwingine kabla hajautazama mchoro wenyewe.

Kitambaa na dawa

Chapa ya uhamisho kwa joto, karibu nyuzi 200 za Selsiasi, inashika kwenye poliesta na si kwenye pamba. Inatoa majani makali na rangi zisizochuja haraka. Pamba huchapwa kwa njia nyingine, ni kimya zaidi mwindaji akisogea, lakini inashika maji. Chochote utakachochagua, kitambaa kisimete. Poliesta yenye uso laini unaong'aa itaharibu mchoro mzuri kuliko wote, kwa hiyo omba iliyochanwa uso.

Uliza kiwanda, kwa maandishi, kama kitambaa cheupe kimetiwa dawa ya kung'arisha. Dawa hiyo hufanya kitambaa kitoe mwanga wa bluu kikipigwa na urujuanimno, yaani ile ile bluu ambayo kulungu anaiona vizuri. Kuijua ni rahisi: ingia chumba cha giza, washa tochi ya urujuanimno, na utazame kama kitambaa kinawaka. Sabuni nyingi za kufulia zina dawa hiyo hiyo, basi andika kwenye lebo kwamba nguo ifuliwe kwa sabuni isiyo nayo. Wawindaji wanaheshimu mchoraji anayejua jambo hili.

Kwa rangi, peleka namba za Pantone za kitambaa (mfumo wa kutaja rangi kwa namba), kisha dai vipande vya majaribio ya rangi na baadaye mita moja iliyochapwa kamili. Vitazame nje asubuhi na mapema, halafu vimwagie maji uvitazame tena, maana nguo ya mwindaji inalowa na kitambaa kilicholowa huwa cheusi zaidi. Kijivu ndicho kinachodanganya. Kijivu kikielekea bluu kidogo tu, mwanadamu anakiona ni cha kupendeza na kulungu anakiona kimesimama peke yake msituni. Mimi hukisogeza kijivu changu chote kuelekea kahawia.

Jaribio la msituni

Shona shati na kofia, uvivishe sanamu ya dukani au mtu mvumilivu. Piga picha kutoka umbali ule ule wa mwanzo. Kwenye kompyuta picha ina chaneli tatu za rangi, nyekundu, kijani na bluu; chukua chaneli ya kijani na uiweke pia mahali pa chaneli nyekundu, kisha fifisha picha kidogo. Jicho la kulungu halipatikani kwa ukamilifu namna hiyo, lakini inatosha kukuonyesha kama bega bado linasomeka. Weka shati la mshindani na shati la kijani lisilo na mabaka katika picha zile zile. Waonyeshe watu wasiojua kitu, wapime wanachukua sekunde ngapi kumpata mtu. Jirani yangu, mzee mwindaji wa upinde wa siku nyingi, hupenda kufumba jicho moja nusu na kusema anaona nini kwanza. Kila anachokitaja kwanza nakwenda kukirekebisha.

Picha hizi zitunze, maana ndizo utakazouzia.

Neno juu ya chungwa. Majimbo mengi ya Marekani yanamlazimisha mwindaji wa bunduki kuvaa chungwa linalong'aa. Georgia, kwa mfano, inataka inchi za mraba 500 juu ya kiuno wakati wa msimu wa kulungu kwa bunduki. Kulungu hajali, na binadamu mwenzako anakuona. Baadhi ya majimbo hayakubali chungwa lililokatizwa na mabaka, basi ukichora toleo la chungwa, soma kanuni za jimbo unalouzia kabla ya kuahidi kitu. Soko lako halisi la mabaka ni wawindaji wa upinde, bata mzinga na bata maji.

Hakimiliki kabla ya kuonyesha mtu

Mchoro wa kitambaa unalindwa na hakimiliki Marekani tangu unapoutengeneza, na mchoro ambao haujachapishwa, yaani haujatolewa kwa umma, unalindwa hata kama wewe ni raia wa nchi nyingine. Lakini bila kusajili mkono wako ni mfupi. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani inakuruhusu kusajili hadi michoro kumi ambayo haijachapishwa kwa ombi moja, ya mtunzi mmoja, kwa ada ya dola 85. Peleka rangi zote za mchoro wako pamoja. Ukisajili kabla ya mtu kuiba, unaweza kudai fidia iliyowekwa na sheria pamoja na gharama za wakili, na barua ya madai yenye namba ya usajili husomwa kwa makini zaidi. Ukiwa Tanzania pitia pia COSOTA, na Kenya KECOBO, ofisi za hakimiliki za nchi hizo.

Wazo la matawi ya mwaloni juu ya kijivu ni la kila mtu, na kinacholindwa ni jinsi ulivyolichora. Kwa sababu hiyo usianze kamwe kwa kufungua mchoro wa kampuni nyingine na kuubadilisha. Hizi kampuni zina mawakili, nao wanajua kila jani lao. Na kama umetumia akili mnemba kutengeneza majani, fahamu kwamba tangu 2023 Ofisi hiyo imeandika wazi kuwa sehemu isiyotungwa na binadamu haisajiliwi, na unatakiwa kuitaja. Mimi siitumii. Mnunuzi ananunua haki ya kumzuia mwingine, na nikimpa kitu ambacho hakizuiliki nimemuuzia hewa. Tunza rasimu za penseli, picha za msituni na faili zenye tarehe.

Kuuza

Njia ya kwanza ni kuuza kitambaa kidogo kidogo kupitia tovuti za kuchapa kwa oda kama Spoonflower, ambako mchoraji huanza na kamisheni ya asilimia 10. Hutatajirika, lakini utapata mita zako za sampuli na utajua watu wanachagua rangi ipi. Usiweke humo mchoro unaotarajia kumpa mtu kwa upekee, yaani autumie yeye peke yake.

Njia ya pili ni kuuza moja kwa moja na kuachia kila kitu. Pesa inakuja mara moja na hadithi inaisha. Inafaa kwa mchoro ambao hauko karibu na moyo wako.

Njia ya tatu, ninayoipendelea, ni leseni kwa mrabaha, yaani unalipwa asilimia ya mauzo, na Realtree na Mossy Oak wenyewe wamekua kwa kukodisha michoro yao kwa watengenezaji wengine. Piga hesabu kabla ya mazungumzo: shati lenye bei ya jumla ya dola 30, mrabaha asilimia 5, mashati 2,000 yameuzwa, wewe unapata dola 3,000. Hesabu hiyo ikuambie kwamba kampuni moja ndogo haikulishi, na kwamba upekee uuzwe kwa aina ya bidhaa. Mmoja apewe mashati na suruali, mwingine mabegi, mwingine glavu na vifuniko vya uso, mwingine mahema ya kuvizia.

Mkataba useme mrabaha unahesabiwa juu ya nini hasa, nchi zipi, miaka mingapi, kima cha chini cha kila mwaka, taarifa kila robo mwaka, haki yako ya kukagua vitabu, haki ya kukubali rangi kabla ya kuchapa, na siku ngapi mteja anaruhusiwa kumaliza mali iliyobaki mkataba ukiisha. Ongeza sentensi moja: kila rangi mpya na kila badiliko la mchoro ni mali ya mchoraji. Mteja mmoja aliwahi kuniambia kwamba akibadili kijani kuwa kahawia mchoro unakuwa wake. Sentensi hiyo ilikuwa imeshasainiwa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wanunuzi watafute kwa kusoma lebo dukani. Watengenezaji wadogo wa vizibao vya bata mzinga na mavazi ya upinde ndio wanaojibu barua, kwa sababu wamechoka kulipia mchoro ambao kila mshindani wao pia anao. Maonyesho makubwa ya Januari, kama SHOT Show ya Las Vegas, ni ya wafanyabiashara tu na yanahitaji uthibitisho wa kampuni. Kwa mgeni naona mkutano wa Februari wa chama cha bata mzinga mwituni huko Nashville, ambao mtu yeyote anaweza kukata tiketi, una faida zaidi. Huku kwetu Raleigh kuna maonyesho ya Dixie Deer Classic. Nenda na kipande cha mita moja kilichokunjwa begani, karatasi moja yenye picha za msituni, na shati lililoshonwa. Usieleze sana. Mwache mtu alishike shati, kwa sababu hapo jicho la pili linafanya kazi yake, kisha mwonyeshe picha ya mita thelathini.

Faili la ukubwa halisi lisitoke kabla ya saini na malipo ya awali. Tuma picha ndogo yenye jina lako limepita katikati.

Kwa mliopo nyumbani: mteja wa Marekani atakuomba ujaze fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo mrabaha utakatwa asilimia 30 kabla haujakufikia. Iweke kwenye hesabu yako unapotaja bei. Hati ya makato itunze, na umuulize mhasibu wako namna ya kuiwasilisha TRA au KRA.

Ukishasaini, dai mita mbili za kitambaa cha kwanza kilichotoka kwenye mashine, cha uzalishaji wenyewe na si cha maonyesho. Kikifika kiwashie tochi gizani, kifue mara tano kwa sabuni isiyo na dawa, kisha kiweke kando ya sampuli uliyoidhinisha, nje, asubuhi ya mawingu. Kijivu kikiwa kimeelekea bluu, andika barua pepe siku hiyo hiyo kuomba chapa isimamishwe, ukitaja namba ya rangi na kifungu cha mkataba.